Masahihisho kwa Jina la Ami Amour

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua daftari hili kwenye duka la chini ya nyumba, la karatasi, la mistari, kama la mtoto wa darasa la tatu. Kazini kila ninachoandika kinahifadhiwa na kompyuta pamoja na jina langu na saa. Haya ya leo sitaki yahifadhiwe na mtu.

Nimemdanganya Ami Amour.

Ofisi yetu iko Dubai Investments Park, juu ya karakana ya viyoyozi, watu tisa. Tunatunza programu moja inayoangalia joto la vyumba baridi vya dawa katika maghala ya Jebel Ali. Chumba kikipata joto, kengele inalia kwenye simu ya mwenye ghala. Isipolia, dawa zinaharibika na hakuna ajuaye. Ami Amour ndiye aliyeiandika, miaka kumi na tisa iliyopita, peke yake, na mpaka leo nusu ya mistari ni yake. Ana miaka sitini na nne. Si ami yangu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba tangu walipokuwa vijana wakiuza redio mtaa wa Deira, hapa hapa Dubai, na ndiye aliyenitoa Mombasa akanitia kazi hii.

Sheria ya ofisi ni moja na aliiweka yeye: mabadiliko ya mtu hayaingii kwenye programu mpaka mwenzake ayasome na kuyapitisha. Mkaguzi wa Ami Amour ni mimi.

Asubuhi kaniletea mistari kumi na miwili. Wa tatu ulikuwa kinyume. Alitaka kengele ilie joto likizidi nyuzi nane, akaandika ilie likiwa chini ya nane. Yaani dawa zikiwa salama simu italia kutwa, na zikiiva itanyamaza. Kosa la mwanafunzi. Naye kasimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, kanzu inanukia udi wa Bi Mahfudha mkewe, anangoja.

"Umeona kitu, mwanangu?"

Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mkubwa akikosea mwaka katika masimulizi yake, ni mwaka ndio unaobadilishwa.

"Hapana, Ami. Safi kabisa."

Alipokwenda kusali adhuhuri aliacha kompyuta yake wazi. Nikaketi kitini pake, nikageuza alama moja, nikarudi kwangu, nikapitisha. Haikufika dakika mbili.

Jumatano, 11 Juni

Nyuzi arobaini na tatu nje. Ami kasahau nywila mara tatu. Tukacheka wote, tukasema ni joto.

Jumatatu, 16 Juni

Makosa mawili. Nimeshapata utaratibu wangu. Saa sita na robo Ami huenda msikitini, na baada ya sala hukaa kibarazani kuzungumza na walinzi, harudi kabla ya saa saba na nusu. Aliyenifunza kuifunga kompyuta hata nikienda chooni ni yeye. Sasa yake inabaki wazi zaidi ya saa nzima.

Lazima nisahihishe kwake, si kwangu. Programu ina kumbukumbu za mabadiliko: nani kabadili nini, siku gani, dakika gani, na hazifutiki. Nikisahihisha kwangu zitaandika jina langu, Arwa, na ofisi nzima itaona kwamba Arwa anamfundisha mzee kazi. Nikisahihisha kwake zinaandika Amour. Anaonekana kajirekebisha mwenyewe, kama mtu makini yeyote.

Monicah, anayepokea simu za wateja na ninayeishi naye chumba kimoja, ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

"Wewe siku hizi huli lunch. Sema tu, ni diet ama kuna mtu?"

Nikamwambia kuna mtu. Ana miaka sitini na nne na ndevu nyeupe. Hakuamini, akacheka mpaka akamwaga maji.

Jumapili, 22 Juni

Nilikwenda kwao Deira kula mchana. Bi Mahfudha kapika wali wa nazi na papa mkavu, akanijazia sahani mara tatu. Ami alipolala kidogo baada ya chakula akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Hebu n'ambie kweli. Kazini yukoje?"

"Yuko vizuri, Bi Mahfudha."

"Juzi katoka kwenda dukani, karudi baada ya saa mbili, hana kitu mkononi. N'kamuuliza, ananiambia kakanyaga chechele tu, kapotea njia. Sasa mwezi wa tisa mkataba wake unakwisha, wanautazama upya. Kazi ikikatika, na kibali cha kukaa hapa kinakatika. Nyumba ya Unguja tulishaiuza zamani. Tutakwenda kwa nani sisi? Mie nakuomba kitu kimoja, umuangalie."

Nikamwahidi. Sikuona namna nyingine ya kutoka jikoni mle.

Alhamisi, 26 Juni

Kosa moja. Dogo.

Ijumaa, 27 Juni

Hakuna hata moja! Nilisoma mara nne nikilitafuta. Nimenunua embe la Pakistani nikala peke yangu kwa furaha.

Alhamisi, 3 Julai

Mkutano. Nabil, mkubwa wetu, alisimama mbele ya ubao akiwa na orodha ya kila mtu na mara ngapi mkaguzi kamrudishia kazi. Mimi mara kumi na moja. Ami Amour, sifuri.

"Mnaona? Mzee wa ofisi, na kazi yake ndiyo safi kuliko zote. Yalla, vijana, jifunzeni!"

Akampa sehemu ngumu kuliko zote: vipimajoto vipya vya ghala jipya la insulini. Watu wakapiga makofi. Ami akainamisha kichwa kwa haya, na mimi nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Sifuri ile nimeitengeneza mimi kwa mikono yangu, na sasa imempandisha mahali ambapo hawezi kusimama.

Jumatatu, 7 Julai

Makosa matatu. Unyevu umeanza. Miwani inapata ukungu ukitoka tu mlangoni.

Jumanne, 8 Julai

Mawili. Sijala.

Jumanne, 15 Julai

Leo aliniita nikae karibu yake, akanionyesha kona moja ya programu ambayo mimi nilikuwa naikwepa tangu nije. Akaieleza kidogo kidogo, kwa nini hapa panasubiri, kwa nini pale panauliza mara mbili. Kila kitu kina kisa chake. Ghala fulani, mwaka fulani, panya alikata waya. Yeye mwenyewe alipanda juu ya paa mwezi wa nane kuutafuta.

"Mwanangu, mstari ambao mtu mwenye akili ataushangaa, uandikie sababu yake pale pale juu. Atakayekuja nyuma yako hana pa kukuuliza."

Saa nzima nilikuwa na Ami wangu wa zamani, yule aliyenifunza kazi bila kunipandishia sauti hata siku moja. Nikajisemea labda ni uchovu tu, labda nimekuza mambo. Nilipoinuka akaniuliza:

"Baba hajambo?"

Baba ana miaka sita kaburini. Ami ndiye aliyetuma sanda.

"Hajambo, Ami," nikasema. "Anakusalimu."

Jumatatu, 21 Julai

Nimechoka. Katika vile vipimajoto vipya vya insulini leo kulikuwa na makosa matatu, na baada ya hayo kuna mstari hauna kichwa wala miguu. Unasema hivi: joto lisipobadilika kabisa kwa nusu saa, piga kengele. Kengele ya nini? Joto lisilobadilika si ndilo tunalolitafuta? Tunalipwa na wenye dawa ili joto lisibadilike! Na juu ya mstari wenyewe hakuna hata neno moja la kueleza. Nikaufuta pamoja na yale mengine. Nikaendesha majaribio ya programu, yote yakatoka ya kijani, yaani yamefaulu, mia mbili na kumi na nne. Nikarudi kwangu nikapitisha. Dakika sita.

Alipotoka msikitini aliniletea tende tatu kwenye karatasi. Nikasema ahsante bila kumtazama. Nimeanza kumdharau, Mungu anisamehe. Hasira yangu si juu ya makosa tena, ni juu yake yeye kutojua.

Alhamisi, 24 Julai

Kijani.

Jumanne, 29 Julai

Kijani. Nyuzi arobaini na saba. Hata viyoyozi vya karakana ya chini vyenyewe vimekufa, mafundi wanajipepea kwa makaratasi.

Jumanne, 5 Agosti

Ami kaingia ofisi ya jirani akaketi. Monicah kamrudisha kwa mkono, akiongea habari za mpira njia nzima ili watu wasielewe. Sikujua kama naye anajua.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika haya ofisini, mchana, daftari likiwa pajani. Sijali.

Jumamosi mashine ya ubaridi ya chumba kimoja katika lile ghala jipya ilizimika. Siku hiyo hiyo kipimajoto cha chumba kile nacho kikafa. Hakikunyamaza, kilibaki kimeshikilia namba yake ya mwisho na kuituma kila dakika: nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne. Siku mbili nzima skrini zetu zinaonyesha nne. Leo asubuhi mlinzi kafungua mlango, chumba kina joto kama jiko. Insulini yote ni ya kutupwa. Simu ya kwanza aliipokea Monicah. Alisikiliza tu, hakupata hata nafasi ya kusema pole.

Nabil kakusanya watu wote mbele ya ubao. Kafungua kumbukumbu za mabadiliko, kila mtu asome.

Tarehe 21 Julai, saa nne asubuhi, Amour kaongeza mstari: joto lisipobadilika kwa nusu saa, piga kengele.

Tarehe 21 Julai, saa saba kasorobo mchana, Amour kaufuta.

Mkaguzi: Arwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, nimesimama, mgongo ukutani. Joto la kweli halitulii hata siku moja. Mlango ukifunguliwa linapanda kidogo, ukifungwa linashuka. Namba isiyotikisika kabisa inatoka kwenye kipimajoto kilichokufa. Ami alilijua hilo kwa miaka yake yote ya kupanda mapaa. Alisahau kuandika sababu yake tu. Katika yote aliyoandika siku ile, mstari huo ndio uliokuwa sahihi, na mimi nilisahihisha makosa yake matatu nikaongeza langu la nne, lililo kubwa kuliko yote ya msimu huu. Na hakuna aliyenikagua, kwa sababu mkaguzi nilikuwa mimi. Majaribio yale mia mbili yalikuwa ya kijani kwa kuwa hakuna hata moja lililojua habari ya mstari ule.

Nabil akauliza, taratibu, "Amour, ni wewe uliyeufuta?"

Ami akasogea karibu na ubao. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akasoma tena. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Jina ni langu," akasema.

Mdomo wangu ukafunga.

Jumanne, 12 Agosti

Sikusema.

Jumatano, 13 Agosti

Sikusema. Ami anakuja kazini saa moja kamili, anaketi, anautazama ukurasa ule ule wa kumbukumbu. Haendi tena kibarazani baada ya sala.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia Monicah yote. Tulikuwa ndani ya treni, tunarudi nyumbani.

"Sasa ukiongea utabadilisha nini? Wewe watakufuta kazi, visa imeenda. Na yeye bado watasema amezeeka. Mtaenda wote wawili."

"Lakini si kosa lake."

"Najua, my dear. Lakini ni wewe na mimi tu tunajua."

Nilimchukia kwa dakika tano, kisha nikalala begani kwake mpaka nyumbani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimesema.

Nilibisha kwa Nabil saa tatu asubuhi, kabla woga haujaamka. Nikamwambia kila kitu tangu tarehe kumi Juni. Kwamba Ami anasahau. Kwamba nimekuwa nikiketi kitini pake akienda kusali. Kwamba mstari ule niliufuta mimi, kwa ujinga wangu, na jina lake likaandikwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Akanisogezea boksi la tishu.

"Arwa, nilijua utakuja. Nilimwambia mke wangu, yule msichana atakuja kujibebesha kosa la mzee. Nyinyi watu wa pwani na wazee wenu, nawajua."

"Sir, si kumbebea. Ni kweli. Saa ile alikuwa msikitini."

"Nani anaandika saa anazokwenda msikitini? Kamera ya mlangoni inahifadhi wiki mbili tu. Kumbukumbu zinasema Amour. Nimeshamwandikia mteja kwamba ni Amour. Wewe kosa lako ni kupitisha bila kusoma vizuri, na barua ya onyo nitakupa. Khalas."

"Sir..."

"Lakini hayo mengine," akasema, akavuta kiti mbele. "Kwamba anasahau. Kwamba kila wiki kuna makosa. Tangu Juni?"

Hapo nikaona nimefanya nini. Sehemu inayomsafisha Ami hakuiamini, na sehemu inayommaliza kaiamini yote, neno kwa neno, mpaka kaiandika kwenye karatasi. Nikajaribu kurudi nyuma. Nikasema si kila wiki, nikasema ni makosa madogo, nikasema hata mimi nakosea, nimerudishiwa mara kumi na moja. Akawa anatikisa kichwa kwa huruma na kuendelea kuandika.

Mkataba wa Ami hautaongezwa. Siku ya mwisho ni tarehe kumi na tano Septemba.

Jumanne, 19 Agosti

Barua ya onyo imekuja. Nimeisaini. Nilitamani iwe nzito kuliko ilivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeurudisha mstari ule kwenye programu, safari hii kutoka kwenye kompyuta yangu, kwa jina langu, na juu yake nikaandika sababu, maelezo ya urefu wa vidole vinne. Nikaandika na jaribio lake. Ami ndiye niliyemwomba akague. Akausoma muda mrefu.

"Mstari mzuri huu," akasema. "Umeufikiria mwenyewe?"

Nikatoka kwenda kulia chooni.

Alhamisi, 4 Septemba

Bi Mahfudha kanipigia simu. Wanakwenda Unguja kwa mtoto wa dada yake, chumba kimoja cha uani, mpaka watakapojua la kufanya. Kabati la nguo linauzwa, kitanda kinauzwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenisomea orodha ya sokoni. Mwisho akasema, "Ahsante, mwanangu, kwa kumuangalia. Bila ya wewe wangemtoa zamani."

Nikamwambia nitakuja kuwasaidia kufunga mizigo.

Jumanne, 9 Septemba

Nabil kaleta keki. Ami kakata kipande cha kwanza akanilisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda Deira mchana kuwasaidia kufunga mizigo. Niliapa njiani kwamba leo namwambia yeye mwenyewe, si kwa ajili ya Nabil wala mkataba, hayo yameshapita. Nilitaka tu aondoke akijua kwamba hakulifanya. Mtu aliyeandika programu ile peke yake asipande ndege na fedheha ya mwingine.

Tulikaa sakafuni, maana viti vimeshachukuliwa. Bi Mahfudha yuko mlangoni mwa jikoni, anazungushia vikombe magazeti. Katuwekea chai ya tangawizi juu ya sanduku.

"Ami," nikasema, "mstari ule hukuufuta wewe. Niliufuta mimi. Ulikuwa umekwenda kusali, nikaketi kwenye kompyuta yako. Nilidhani umekosea, na mimi ndiye niliyekosea."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake. Nilijitayarisha hata kwa machozi. Akanitazama kwa upole, akatikisa kichwa.

"Usinisingizie wema, mwanangu. Siku ile sikwenda msikitini."

"Ulikwenda, Ami. Uliniletea tende."

"Tende ni siku nyingine. Siku ile goti lilikuwa linaniuma. Nilisali pale pale ofisini, nyuma ya kabati la mafaili. N'karudi n'kaketi. Shati la kijani la Nabil nnaliona mbele yangu, kasimama anaongea na simu. N'kautazama ule mstari, n'kasema, huu wa nini? N'kaufuta." Akainua kidole cha shahada, akakigonga hewani mara moja. "Kwa kidole hiki. Nnakumbuka kabisa."

Uso wake ulikuwa umenawiri. Bi Mahfudha akaacha kuzungushia vikombe.

"Umeona," akaniambia, naye anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. "Jana hakumbuki jina la shoga yangu wa miaka ishirini. Leo kakumbuka mpaka shati!"

Nikamtazama huyu, nikamtazama huyu. Nilikuwa na maneno mengine, tarehe, dakika, yote nimeyaandika humu.

"Ndiyo, Ami," nikasema.

Akanipigapiga mkono. Akaniambia nisijilaumu kwa kuupitisha, mkaguzi naye ni binadamu, hata yeye katika miaka yake amepitisha mengi. Akaniambia niendelee hivi hivi na moyo wangu mzuri, ila nisizoee kubeba makosa ya watu wengine. Alinifariji mpaka chai ikapoa.